Picha za usiku Nairobi: anza na kile kisichosogea

Watu wananiuliza sana kamera naiacha wazi sekunde ngapi ndio nipate ile mistari ya taa za magari, nyekundu na nyeupe, na siku hizi nawaambia hilo swali liwe la mwisho. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa napanda daraja la watu wa miguu pale Roysambu, naelekeza lenzi katikati ya Thika Road, napiga, alafu nikifika nyumbani nafungua kompyuta naona rangi tu kwenye giza. Ingekuwa barabara yoyote, mji wowote. Picha zangu zilibadilika nilipoanza kutafuta kwanza kitu kisichosogea, jengo ama nguzo ama ukingo wa daraja, kisha mistari ya taa ndio inalipeleka jicho hapo.

Chukua Expressway, ile barabara ya kulipia iliyojengwa juu ya nguzo. Tangu ifunguliwe 2022 kila mtu anaipiga ile barabara yenyewe, lakini mimi naona utamu wake uko chini, kwa nguzo. Ukisimama upande wa Uhuru Park jioni, ukaangalia kwa mshazari badala ya kuikabili uso kwa uso, unaona nguzo zimefuatana zinapungua ukubwa, juu magari yanakimbia, chini Uhuru Highway ina jam yake ya kila siku, na nyuma KICC, lile jumba refu la mikutano, imesimama. Hapo mimi naisogeza KICC pembeni, siiweki katikati, na mistari naiacha iingie kutokea kona ya chini ya upande wa pili. Na kabla ya kubonyeza angalia mlingoti wa taa usije ukaonekana kama umeota juu ya jengo, hatua mbili kushoto ama kulia zinatosha kurekebisha.

Hii yote ifanye kukiwa bado mchana. Tuko karibu sana na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na ile bluu ya angani inakaa dakika kama 20 hivi, basi imeisha, anga inakuwa nyeusi na majengo yanapoteza umbo. Kwa hivyo ukifika saa moja ndio uanze kutafuta pa kusimama umechelewa. Mimi hufika saa kumi na moja, nazunguka na simu tu nikijaribu pembe, tripodi naifungua nikiwa nimeshaamua.

Sasa sekunde. Gari ya kilomita 80 kwa saa inaenda karibu mita 22 kila sekunde, so kama kipande cha barabara unachoona ni mita 300, inahitaji karibu sekunde 14 kukimaliza. Ukipiga sekunde 4 mstari unakatika katikati ya barabara na jicho linaachwa hapo hapo. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iweke 100, tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, na fokasi uiweke kwa mkono ukilenga taa ya mbali. Kwenye jam mambo ni tofauti, gari ikisimama taa yake inageuka doa jeupe linaloharibu kila kitu, kwa hivyo mimi hubeba kadi nyeusi, magari yakisimama naifunika lenzi bila kuigusa, yakianza kwenda naitoa, shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikiwa bado wazi.

Kuna jambo video nyingi za Marekani hazitakwambia, manake kwao wanaendesha upande wa kulia. Hapa kwetu ukiwa juu ya daraja ukiangalia barabara, nyekundu iko kushoto kwako na nyeupe iko kulia. Nyeupe ina nguvu zaidi, inachoma picha haraka, so mimi husogea kidogo kushoto ili nyekundu ichukue nafasi kubwa. Na ukiona nganya, matatu iliyopambwa, inakuja na taa zake za zambarau na kijani, hiyo usiiache kabisa, fungua shata kabla haijaingia kwenye fremu, itakuchorea utepe ambao miji mingi haina, na mimi naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hizi picha.

Madaraja ya miguu yanatetemeka. Hii ilinichukua muda kuigundua, nilikuwa nalaumu lenzi kumbe ni watu wanaotoka kazini wanapita nyuma yangu. Usisimame katikati ya daraja, simama pale juu ya nguzo, ngoja kundi lipite, na uzime ile ya kutuliza mtikisiko kwenye lenzi kwa sababu juu ya tripodi saa zingine yenyewe ndio inaleta ukungu.

Kama una simu tu, nyingi siku hizi zina hali ya Pro ambayo unachagua sekunde mwenyewe, iegemeze kwa chuma cha daraja na kitambaa chini isiteleze, sekunde 8 ama 10, utapata kitu.

Na tafadhali usiende peke yako. Mimi huenda na rafiki, mmoja akiangalia skrini mwingine anaangalia begi na watu wanaokuja, na tunafunga vitu wapita njia wakiwa bado wengi, hata kama nganya moja nzuri inaonekana kwa mbali inakuja.