Usinunue monita nyingine

SWALI: Shikamoo fundi. Nachora ramani za nyumba hapa Mtanda, Lindi. Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux Mint, nimeiunganisha na monita ya 4K kwa waya wa HDMI. Jumamosi nilikubali masasisho, nikazima na kuwasha. Tangu hapo nikichagua Hz 60 (picha 60 kwa sekunde) skrini inakuwa nyeusi tii. Nikishuka hadi Hz 30 picha inarudi, lakini mshale wa mausi unajikokota, siwezi kuchora. Nimeambiwa monita imekufa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue monita. Hiyo yako kwa Hz 30 inakuonyesha pikseli zote, 3840 kwa 2160. Ingekuwa imekufa isingeweza. Mimi nalishuku lile sasisho la Jumamosi.

Picha ya 4K kwa Hz 30 hupita kwenye HDMI kwa MHz 297, yaani mapigo milioni 297 kwa sekunde. Kwa Hz 60 zinakuwa MHz 594, na kasi ikishavuka MHz 340 mambo yanabadilika: draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, lazima kwanza iiarifu monita, kupitia waya huohuo, kwamba sasa itatuma kwa mtindo mwingine. Utaratibu huo ulikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. Draiva ikikosea hapo, monita inapokea kitu isichokielewa, giza. Na kwenye Linux draiva za Intel na AMD zimo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo ukipokea keneli mpya umepokea na draiva mpya.

Ni kweli, waya dhaifu nao huleta dalili hiihii. Ndiyo maana usiguse waya wala tundu mpaka umejaribu keneli ya zamani; ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu. Washa mashine, gusagusa Esc (zile za zamani unashikilia Shift) mpaka menyu itokee. Ingia mstari wa pili, utaziona keneli kwa namba zake. Chagua ya kabla ya Jumamosi. Ikishawaka rudisha Hz 60, kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike xrandr. Kwenye mstari wa 3840x2160 ukiona 60.00 yenye nyota pembeni, na picha imetulia, basi waya ni mzima na monita ni nzima.

Nakusisitizia hili kwa uchungu. Mteja wangu mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, alikuwa na tatizo kama lako katikati ya msimu wa korosho, kazi zimemjaa. Nilimbadilishia waya mara mbili, kisha monita tukaifunga kwenye blanketi, ikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Ikarudi na jibu kwamba haina ubovu. Jioni ile nikawasha keneli ya zamani, picha ikaja palepale. Alikaa kimya, akawa anapitisha kidole ukingoni mwa skrini. Siku zake tano zilikuwa zimeshapotea.

Kwa sasa fanya kazi na hiyo ya zamani, na mashine ikikuuliza kama uifute keneli hiyo, kataa. Lakini usihamie humo moja kwa moja, maana keneli mpya huja na marekebisho ya usalama. Kila ikitoka nyingine, ijaribu.

Na tafadhali toa taarifa kwa watengenezaji. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia miaka yote kwamba keneli mpya haipaswi kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi, kwa hiyo malalamiko yako yana uzito. Andika namba ya keneli nzima na ya mbovu (uname -r itakupa), aina ya kadi na ya monita, na majibu ya amri sudo journalctl -k -b (kumbukumbu za keneli) kutoka kwenye kila keneli. Ukiwa na namba hizo mbili, hata yakiwa mabadiliko 1,000 kati yake yanaweza kukatwa nusu kwa nusu, na majaribio kama 10 yanatosha kumfikia mkosaji.

Menyu ikigoma kutokea, niandikie tena, utaje mwaka wa mashine yako.