Glavu za nyuki zinatosha kumshika chatu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo huku Sikonge, mzee wangu anarina asali na mi namsaidia. Nina chatu nimemfuga tangu mdogo, kibali ninacho, saa hizi amefika kama mita mbili na nusu na siku zote alikuwa mpole tu, ila juzi namwekea panya akaruka akanidaka mkono akajizungusha, tukahangaika na mdogo wangu weee ndo akaachia. Sasa nataka niwe navaa glavu za mzee za nyuki, zile za ngozi zinazofika kwenye kiwiko. Washkaji wanasema na hizo hata kifutu unamkamata. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa mkono. Naanza na hao washkaji maana hapo ndo nimeogopa. Kifutu usimshike na glavu hizo, tafadhali sana. Glavu ya nyuki imetengenezwa kuzuia mwiba wa milimita chache, jino la kifutu linaweza kufika sentimita moja na nusu na linaingia kama sindano. Niliwahi kuishika glavu ya jamaa mmoja aliyeenda kumtoa kifutu chini ya mzinga uliodondoka, juu unaona vitundu viwili tu kama vya pini, ukiigeuza ndani damu imekauka imekuwa rangi ya kahawa. Alipona, ila vidole viwili havikunji mpaka leo.

Halafu kuna kale kanyoka kembamba keusi kanakokaa chini ya udongo, mnakafukua wakati wa kulima. Hako hata wataalamu hawakashiki shingoni, kwa sababu meno yake yanachomoka pembeni mdomo ukiwa umefungwa, unadhani umekabana vizuri kumbe kanakuchoma kidole. Na msiwaige Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wa Kisukuma na Kinyamwezi, kwa kuwaona kwenye ngoma, wale wamefundishwa na wakubwa wao miaka na miaka, na bado wanaumwa.

Sasa chatu wako. Yeye hana sumu, na glavu kwake inaweza kukuletea shida nyingine, mkono unakuwa mzito husikii unambana kiasi gani, ukizidisha unamuumiza mbavu, ukilegeza anateleza. Kilichokuponza juzi ni harufu, mkono ulinuka panya na yeye ana njaa, kwake huo ni msosi tu. Kwa hiyo chakula mpe kwa koleo refu la kubania, usimpe kwa mkono hata siku moja, na kabla ya kumgusa nawa kwa sabuni. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee fimbo ya chuma nyepesi ya kama mita moja yenye ndoano butu mbele, kila ukifungua banda mguse nayo taratibu kwanza, atazoea kwamba akiguswa hivyo hakuna chakula. Hiyo fimbo itakusaidia kuliko glavu yoyote, maana inakuweka mbali na mdomo. Vaa shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, na kwa urefu huo alofikia usimtoe peke yako, awepo mtu mzima mwingine, sio mdogo wako. Akikudaka tena usivute, meno yake yamepinda kuelekea kooni ukivuta unachanika mwenyewe, mtu wa pili amshike mkiani aanze kumfungua kutokea huko, na mdomoni mmwagie maji ya baridi.

Shambani wewe vaa gambuti na usiku tembea na tochi, kifutu hakimbii, analala hapohapo kwenye majani mpaka umkanyage. Mtu akiumwa msichanje, msinyonye, msifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka halitoi sumu, mnapoteza muda tu. Vueni pete na saa kabla hajavimba, kiungo kisichezechezwe, apelekwe hospitali na kama ni boda akae katikati, mwingine nyuma amshikilie. Fira mtema mate akikupata machoni usisugue, osha kwa maji mengi dakika kumi na tano au zaidi kisha nenda hospitali. Ndo maana anayeitwa kutoa nyoka ndani ya nyumba anatakiwa avae miwani inayoziba hadi pembeni.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Ujiji, Kigoma. Kijana wangu wa miaka minne kaletewa kobe na mjomba wake, anashinda naye. Nimnunulie glavu?

JIBU: Hapana mama, glavu hazihitajiki, kinachohitajika ni sabuni. Kobe anaweza kubeba vijidudu vya salmonela mwenyewe akiwa mzima kabisa, na mtoto wa chini ya miaka mitano vikimpata anaharisha vibaya. Kila akimshika anawe mikono na asimbusu, na beseni la kobe lisioshwe jikoni kwenye vyombo. Ila kobe naye ni mnyamapori, sheria ya 2009 inataka kibali, kwa hiyo mwambie mjomba aende akaonane na afisa wanyamapori wiki hii.