Sauti yangu ikirekodiwa inaenda wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko fomu faivu hapa Tanga, mwalimu wa kompyuta katuambia tujiunge na Common Voice, mradi wa Mozilla wale wenye kivinjari cha Firefox, unasoma sentensi za Kiswahili kwenye simu unajirekodi ili mashine zijifunze kutuelewa. Mi nataka ila mama anaogopa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama yuko sahihi kuuliza, na kama hujafika miaka 19 mradi wenyewe unataka ruhusa ya mzazi, kwahiyo kaa nae mfungue pamoja aone. Mradi ulianza 2017, na sauti zikishakusanywa zinatolewa bure, yeyote anazichukua, awe mwanachuo au kampuni kubwa, hilo usimfiche mama. Jina lako haliwekwi humo.

Ila kwakweli natamani sana nyie wa Tanga muingie, maana mashine inajua ilichosikia tu, ikilishwa sauti za watu wa Dar peke yao basi bibi yako akiongea inabaki inabahatisha, na hilo linaniuma. Halafu sio kusoma tu, kuna kuhakiki pia, unasikiliza sauti ya mwenzio unasema kasoma sawa au kakosea, hapo sauti yako hairekodiwi kabisa, mwombe mama akuruhusu uanze na hiyo wakati bado anafikiria kuhusu kurekodi. Na darasa linaweza kutunga sentensi zake likazichangia, za sokoni, za baharini, za nyumbani, ila mtunge wenyewe jamani msinakili kitabuni, vitabu vina hakimiliki.