Boga lishe nyuma ya nyumba: uwahi maua kabla hayajafunga

Msimu wangu wa kwanza wa boga lishe, lile la umbo la chupa ambalo wengi wanaliita batanati, nilivuna maboga mawili tu kutoka mashina manane. Bustani yenyewe ni kipande cha nyuma ya nyumba hapa Usa River, Arusha, kati ya banda la kuku na uzio wa michongoma. Majani yalikuwa mapana kama ungo, mmea ulitambaa hadi chini ya kamba ya kuanikia nguo, maua ya njano kila upande. Lakini kila kiboga kilichojitokeza kilifika ukubwa wa kidole gumba, kikageuka njano, kikalainika, kikadondoka.

Nikaenda duka la pembejeo. Nikapewa dawa ya wadudu na kuambiwa nipulizie asubuhi na mapema. Nikapulizia. Wiki ile vikadondoka vingi zaidi.

Aliyenionyesha kosa ni bibi jirani, siku alipokuja kuomba majani ya maboga ya mboga. Akachuchumaa, akashika ua moja kwa vidole viwili. “Mwanangu, hili dume. Lile pale jike. Na nyuki wako wako wapi?”

Sikuwa nao. Nilikuwa nimewaua mwenyewe, saa ileile wanayokuja kazini.

Mmea wa boga huzaa maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na ndani yake kuna kijiti kimoja chenye unga wa njano. Ua jike hukaa karibu na mmea, na chini yake tayari kuna kiboga kidogo chenye umbo lake kamili. Madume hutangulia, pengine kwa wiki nzima au zaidi, kwa hiyo usihuzunike ukiona maua ya kwanza yote yamepukutika. Ua jike hufunguka siku moja tu, alfajiri, na jua likishapanda linaanza kujifunga. Unga wa dume usipolifikia katika saa hizo chache, kiboga kile kimekwisha. Ukilifikia kidogo, utapata boga lililopinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa.

Siku hizi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi niko bustanini. Nachuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, navua petali zake zote kibaki kijiti, kisha nakizungusha taratibu ndani ya ua jike, nikihakikisha nimegusa kila upande wa kile kitovu chake chenye vigawanyiko. Dume moja nalitumia kwa majike mawili. Umande ukiwa mwingi nasubiri kidogo, maana unga uliolowa hushikana na haushuki vizuri. Baada ya siku nne au tano unajua: kiboga kilichokubali hung'aa na kuanza kuinamisha shingo kwa uzito. Msimu wa pili, kwa mashina sita tu, nilivuna maboga 21.

Kabla hujanunua dawa yoyote, chukua kiboga kilichodondoka ukipasue. Kama ndani ni safi, hakuna funza, mara nyingi tatizo ni uchavushaji, yaani unga wa dume haukulifikia jike, na dawa haitakusaidia kitu. Kama kuna funza weupe, huyo ni inzi wa matunda. Kwa nje utaona tundu dogo lenye utomvu. Kwake yeye mimi navalisha kila kiboga mfuko wa gazeti mara ua likishanyauka, na vilivyoharibika nafukia shimo la nusu mita, wala sivitupi pembeni ya bustani. Ikibidi kabisa kupulizia, iwe jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao.

Kosa langu jingine lilikuwa kupanda Machi. Masika ya huku kwetu hunyesha asubuhi nyingi, nyuki hawatoki, unga unalowa, na boga linalolala kwenye tope huoza kwa chini. Juni na Julai nazo zina baridi na ukungu, ugonjwa wa ubwiri unga hupaka majani weupe mpaka yakauke. Sasa napanda mwanzoni mwa Agosti na kumwagilia mwenyewe, lita 10 kwa shina mara mbili au tatu kwa wiki, maji yakienda kwenye udongo na si juu ya majani. Navuna Novemba.

Upandaji wenyewe hauna ugumu. Shimo la sentimita 40 kila upande, nusu debe la samadi iliyooza vizuri uichanganye na udongo wa juu, mbegu mbili kwa shimo, kisha unaacha mche mmoja wenye nguvu. Shimo hadi shimo mita moja, mstari hadi mstari mita mbili. Utaona nafasi ni kubwa mno; usiibane, mwezi wa pili tangu kupanda utaihitaji yote. Tandaza nyasi kavu chini ya maboga.

Kuvuna ndiko wengi wanakoharakisha. Subiri mistari ya kijani iishe, gamba liwe rangi ya maziwa yenye chai, kikonyo kikauke, na ukibonyeza kwa ukucha lisiingie. Kata kwa kisu ukiacha kikonyo cha vidole viwili. Kikichomoka, boga hilo ulile wiki hiyohiyo, halitadumu. Mengine nayaweka kwenye chanja penye hewa kwa wiki mbili gamba likomae, ndipo yaingie stoo. Hukaa miezi miwili hadi mitatu bila friji, na utamu unaongezeka.

Kuhusu mbegu, ukiwa umenunua chotara, yaani mbegu ya aina mbili zilizochanganywa, usitegemee zilizo ndani ya boga lako zizae sawa na mama yake. Na kama jirani ana maboga ya kienyeji, nyuki huchanganya. Wapo wanaosema boga la jirani limeharibu umbo la boga lao msimu huohuo. Sivyo, mchanganyiko hukaa kwenye mbegu, nawe utauona ukizipanda. Mimi huchagua shina moja, jioni nafunga kwa uzi ua jike na madume mawili yanayotarajiwa kufunguka kesho, asubuhi nachavusha kwa mkono, nafunga tena, na kwenye kikonyo cha boga hilo nafunga kitambaa chekundu ili mtu wa jikoni asiliguse.