Muulize Somo: Vugo letu, mheshimiwa na baa za Mumbai

SWALI: Asalaam aleikum Somo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Langoni, Lamu. Niko katika kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu wanaopiga vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Twaitwa kwenye harusi, na pesa ninayopata ndiyo ninayowalipia wanangu karo. Mwezi uliopita mheshimiwa mmoja alisimama mkutanoni akasema ngoma za wanawake zaharibu mabinti, na kwamba atapeleka hoja kwenye bunge la kaunti zipigwe marufuku. Somo, ni yeye huyo huyo aliyetuweka mbele ya gari lake kutwa nzima wakati wa kampeni za 2022. Sare za leso alitununulia yeye. Pesa alizoahidi alilipa nusu, nusu hatujaiona mpaka leo. Sasa kakangu ameshika maneno yake. Asema hata India, wenye filamu za kucheza, wamewakataza wanawake wao wasicheze, sembuse sisi Waislamu. Ni kweli? Na je, niache?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kakako amesikia nusu ya habari, na nusu aliyoikosa ndiyo yenye jibu lako.

India haijakataza wanawake kucheza. Jimbo moja, Maharashtra, ambalo mji wake mkuu ni Mumbai, lilikataza wanawake kucheza kwenye baa. Huko wanawake walivaa sari na nguo za kumetameta, wakicheza nyimbo za filamu mbele ya wanaume waliokaa na vinywaji vyao, na wanaume wakawatuza noti. Sitakuficha: si mahali ambapo ningetaka binti yangu afanye kazi. Lakini wale walikuwa wanawake wazima, wamevaa, na wengi wao walikuwa wakilisha nyumba nzima huko walikotoka. Wengine walizaliwa katika jamii ambazo kucheza ni kazi ya kurithi kwa mama na bibi.

Mwaka 2005 serikali ya jimbo ikabadilisha Sheria ya Polisi ya Bombay (Bombay ndilo jina la zamani la Mumbai). Aliyeshika bendera alikuwa R. R. Patil, waziri wa mambo ya ndani wa jimbo. Sababu zake utazitambua, maana ndizo ulizozisikia mkutanoni: maadili yaporomoka, vijana wapotea, heshima ya mwanamke yavunjwa. Basi mwambie kakako asome kifungu kilichofuata katika sheria hiyo hiyo. Hoteli za nyota tatu na kwenda juu ziliachwa. Vilabu vya wenye nazo, vile vya kuingia kwa uanachama, viliachwa. Mwanamke yule yule, wimbo ule ule, kiuno kile kile: mbele ya karani na dereva wa teksi ni uchafu, mbele ya tajiri kwenye hoteli kubwa ni burudani halali. Na hayo yalitungwa katika mji ambao studio zake zapiga filamu za kucheza na kuziuza dunia nzima, mpaka huku kwetu, ambako marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alizitia nyimbo zake kwenye lahani za Kihindi na hakuna harusi iliyozikataa.

Wanawake waliopoteza kazi wametajwa kufikia 75,000. Serikali ilisema yawalinda, lakini haikuwaandalia kazi nyingine ya kuwatosha. Mahakama Kuu ya Bombay ikaifuta sheria mwaka 2006, serikali ikakata rufaa, na kesi ikavutwa miaka saba. Julai 2013 Mahakama ya Juu ya India ikawapa haki wacheza ngoma. Majaji walishika mambo mawili: huwezi kuigawa heshima ya mwanamke kwa nyota za hoteli, na huwezi kumnyima mtu mzima riziki yake kwa dhana tu. Tena wakaona kuwa marufuku ile ilikuwa imewasukuma wengi wa wanawake hao kwenye ukahaba, jambo lenyewe ambalo serikali ilidai kuwaepusha nalo.

Ungedhani yaliishia hapo. Mwaka 2014 bunge la jimbo likapitisha sheria nyingine, safari hii ikijumuisha na hoteli kubwa, ili majaji wasipate tena la kusema juu ya ubaguzi. Baadaye mwaka huo serikali ikashindwa uchaguzi, vyama vingine vikaingia, na hivyo vipya vikatunga ya kwao mwaka 2016, yenye masharti mazito: kamera ndani ya ukumbi, baa iwe umbali wa kilomita moja kutoka shuleni na kwenye nyumba za ibada, pombe isiuzwe panapochezwa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikayafuta mengi ya masharti hayo. Ilikubali kutuza, ikakataza kuwarushia noti. Vyama vilivyokuwa vikitukanana kila siku kwenye majukwaa viliafikiana juu ya jambo hili moja, kumbana mwanamke asiye na mtu wa kumtetea.

Na si mambo ya juzi. Kusini mwa India, huko Madras, kulikuwa na wanawake wa mahekalu waitwao devadasi, ambao ngoma yao ilirithishwa kizazi kwa kizazi. Mwaka 1947 sheria ikapiga marufuku kuwekwa wakfu kwao na kucheza kwao hekaluni. Wako waliotaka sheria hiyo kwa nia safi, kwa kuwa wasichana wadogo walikuwa wakidhulumiwa, nami siwapuuzi. Lakini ngoma yenyewe haikuzikwa. Tangu miaka ya 1930 ilikuwa imeanza kuchukuliwa na wanawake wa tabaka la juu. Rukmini Devi Arundale, Brahmin kwa kuzaliwa, aliicheza hadharani mwaka 1935 na mwaka uliofuata akafungua chuo chake cha Kalakshetra. Leo yaitwa Bharatanatyam na wageni wa serikali hutumbuizwa nayo. Familia zilizoitunza karne kwa karne zilibaki na aibu.

Kuna na la Karnataka, jimbo jingine la India. Januari 2009, mjini Mangalore, kundi la wanaume wa Sri Ram Sene, chama cha Wahindu wenye msimamo mkali, liliingia kwenye baa likawapiga wasichana waliokuwa wamekaa humo, likawaburura mpaka nje, kamera zikichukua. Walisema walinda utamaduni. Washtakiwa waliachiliwa mwaka 2018. Katikati ya hayo, Februari 2012, kamera za televisheni ziliwanasa mawaziri wawili wa serikali ya jimbo hilo hilo wakitazama video ya uchafu kwenye simu, ndani ya bunge, kikao kikiendelea. Mmoja wao alikuwa waziri wa maendeleo ya wanawake na watoto. Walijitetea, lakini walijiuzulu, pamoja na mwenzao wa tatu. Mwaka 2019 yule mwingine, Laxman Savadi, aliteuliwa kuwa naibu wa waziri mkuu wa jimbo.

Sasa turudi Langoni.

Vugo nalijua. Ua umezungushiwa turubai, mlangoni kakaa mama mmoja na kikapu, na kila aingiaye atia simu yake humo asije mtu akarekodi wake za watu. Ndani hakuna mwanamume. Kina mama wamejipanga safu, pembe la nyati mkono wa kushoto, kijiti mkono wa kulia, pembe zalia kwa pamoja, mmoja atoa ubeti na wengine waitikia. Nusu ya maneno ni mafumbo ya kumwasa bibi harusi: namna ya kukaa na mume, namna ya kukaa na mawifi. Mwenye kufurahi atuza. Ukiniuliza ni wapi mabinti wa Amu walifundishwa staha zao, nitakutajia huko uani kabla sijakutajia jukwaa lolote la siasa.

Mbele ya gari la kampeni mulicheza barabarani, mchana, mbele ya wanaume, simu mia zikiwarekodi. Kama mheshimiwa ana uchungu na heshima ya wanawake, siku ile ndiyo iliyomstahiki uchungu huo. Lakini siku ile ngoma ilikuwa yamwitia watu. Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: mtu akikuletea katazo, usianze kubishana naye juu ya ngoma. Tazama nani ameachwa nje ya katazo lake. Hapa Malindi ninapokaa, hoteli za ufuoni huleta vikundi jioni, mabinti wamevaa hando, sketi za asili za Kigiriama, wakawachezea watalii walioshika glasi. Sisemi wazuiwe, nao wana riziki yao kama wewe. Nasema sijapata kumsikia mwanasiasa akipeleka hoja juu ya hoteli.

Juu ya dini sitakupa fatwa, si kazi yangu. Masheikh wamehitilafiana juu ya ngoma na ala, lakini dufu la harusi na sikukuu lina hadithi zake zinazojulikana, na Lamu haikosi wanazuoni. Nenda kwa yule unayemwamini umweleze vugo lenu lilivyo, na kikapu cha simu usikisahau. Kakako naye aende. Jibu la dini litoke kwa mwenye elimu ya dini, lisitoke kwa mtafuta kura.

Juu ya sheria nina la kusema. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ubunifu wa sanaa umetajwa humo. Kifungu cha 44 chalinda haki ya kushiriki utamaduni wako. Cha 27 chakataza ubaguzi wa kijinsia, na hoja inayosema “ngoma za wanawake” huku kirumbizi, ngoma ya fimbo ya wanaume, kikiachwa, na ikitazame vizuri kifungu hicho. Na bunge la kaunti haliwezi kupitisha sheria bila kuwashirikisha wananchi, kifungu cha 196. Kwa hivyo hoja ikiletwa, ombeni nakala yake kwa karani wa bunge, muisome pamoja, mupeleke maoni yenu kwa maandishi yakiwa na saini za kikundi kizima. Pelekeni na bibi zenu. Mama wa miaka sabini aliyepiga pembe tangu usichana wake hakuna wa kumwambia ameharibika.

Deni lenu lidaini sasa. Andikeni barua: tarehe, siku mulizocheza, kiasi mulichokubaliana, kiasi kilicholipwa. Ipelekeni watu wawili, aliyepokea atie saini kwenye nakala yenu. Na kampeni zijazo, awe nani awaye, pesa yote mbele.

Usiache.

SWALI: Somo, mimi ni baba wa mabinti watatu, nakaa Barani, Malindi. Nasoma safu hii kila toleo, na naona wewe huwa mkali kwa wanaosimamia maadili. Je, mzazi akihofia wanawe ni mnafiki? Mitaani kwetu kuna mambo ya kutisha.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, wewe si mnafiki. Mzazi anayehofia wanawe anayeumia ni yeye, na anayelipa ni yeye. Nilio nao ugomvi ni wale wanaomlipisha mwingine.

Na mambo ya kutisha yapo, nisiyapambe. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya pwani hii: Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Walikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika biashara ya kuuza miili, na wateja walikuwa watalii na Wakenya pia. Hawa ni watoto. Nilipoisoma nililia, na hasira ile bado ninayo. Watoto hao hawakuharibiwa na vugo. Waliharibiwa na njaa, na wanaume wenye pesa, na watu wazima walioona gari likiingia kwenye lango la nyumba ya kifahari wakageuza uso.

Ndiyo sababu napima anayejiita mlinzi kwa mahali anapopeleka nguvu zake. Huko Maharashtra, kama shida ilikuwa dhuluma ndani ya baa, palikuwa na mengi ya kufanya: kukagua umri, mikataba ya kazi, usafiri wa salama usiku, kumshtaki mwenye baa anayewanyang’anya wasichana walichotuzwa. Mahakama ya mwaka 2013 iliwaambia hayo, kwamba ziko njia za kuwalinda wanawake kazini bila kuwafukuza. Wakachagua kufunga, kwa kuwa kufunga hupigiwa makofi siku hiyo hiyo.

Mabinti zako wapeleke harusini na mama yao, wakae karibu na shangazi zao, wasikie mawaidha. Wafundishe mapema kuwa mtu mzima akiwagusa waje kwako, na wakija uwaamini kabla ya kuwauliza walivaa nini. Kisha, mwakilishi wenu wa wadi akija Barani, muulize mbele ya watu kaunti ya Kilifi imetenga kiasi gani mwaka huu kwa ajili ya kuwahifadhi wasichana wanaookolewa. Jibu ukilipata niandikie, nami nitalichapisha hapa.