Strongarm au Disruptor: nimekaa na zote mbili, jibu langu hili

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya Nerf Strongarm na Nerf Disruptor, hizi bunduki za kuchezea za mishale ya sponji, kwa watoto wako wawili, wa miaka 8 na 10, na umesema kwa macho yako unaona ni kitu kimoja kilichobadilishwa rangi. Hujakosea sana. Ndani ni ndugu wa tumbo moja. Strongarm ndiyo ya kwanza, Disruptor ikafuata mwaka 2016. Zote ni za ukoo wa N-Strike Elite, zote zinabeba mishale 6, na zote unakoki kwa kuvuta slaidi ya juu. Ukivuta, springi inajikaza nyuma ya pistoni. Ukifyatua, pistoni inasukuma hewa na hewa inautoa mshale. Hakuna betri wala mota.

Kinachozitenganisha ni silinda, kile kipande kinachozunguka na kubeba mishale. Ya Strongarm inafunguka: unagusa kitufe, silinda inatoka pembeni, unajaza, unairudisha. Ya Disruptor haifunguki. Imekaa wazi kwa mbele na mishale unaichomeka hapo hapo.

Nilianza na Strongarm, na nakiri niliinunua kwa sababu ya silinda hiyo tu. Inapendeza mno. Shida ni kwamba haikunipendeza mimi peke yangu. Kijana wangu hakumaliza wiki kabla hajajifunza kuifunga kwa kutikisa kiganja, ta!, kama polisi wa kwenye sinema. Nilimkataza. Akaendelea nikiwa sipo. Baada ya miezi kadhaa mishale ikaanza kudondoka karibu na miguu yake, naye akaapa springi imekufa. Nikaishika bunduki nikaielekeza dirishani: kati ya silinda na mwili, upande mmoja, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Nikakoki bila mshale, nikaweka kidole pale, nikafyatua. Hewa ikanipiga kidoleni. Springi ilikuwa nzima kabisa. Bawaba ndiyo iliyolegea kwa kupigwapigwa, silinda ikawa haikai sawasawa na tundu la hewa. (Jaribio hilo fanya mara moja tu. Kufyatua bila mshale kila mara kunaichosha pistoni bure, na watoto wanapenda sana huo mlio.)

Disruptor haina bawaba ya kulegeza. Ndiyo faida yake kubwa, na kwa mtoto wa miaka 8 naona inatosha kumaliza ubishi. Watu wanailaumu kwamba kujaza ni kwa polepole. Mimi niliwapanga watoto wakajaza kwa kushindana, na aliyekuwa na Disruptor hakuachwa, kwa sababu mwenzake anafungua, anajaza, halafu anahangaika kufunga. Tena ukiwa umebakiza mishale miwili unaongeza minne papo hapo, huku kidole kiko kwenye triga.

Umbali usikusumbue. Boksi la Disruptor linasema hadi mita 27. Hiyo ni ukielekeza juu na upepo ukikuhurumia. Kwenye korido, mkono ukiwa sawa na bega, zote mbili zilinipa kama mita 10 hivi kabla mshale haujagusa chini, na sikuona ya kuibagua.

Zote mbili pia zinapiga mfululizo: unashikilia triga bila kuiachia, unavuta na kusukuma slaidi, zinatema mmoja baada ya mwingine. Hapo angalia nguvu za mkono. Mwanangu mdogo mwanzoni alikuwa anavuta slaidi nusu, silinda inazunguka nusu, mshale unakwama. Mfundishe kuvuta mpaka mwisho, asikie "tak", ndipo aachie. Na msiziweke zikiwa zimekokiwa usiku kucha. Springi inachoka.

Mishale ndiyo inayoharibu mchezo kuliko bunduki yenyewe. Ni sponji yenye tundu ndani, uzito wake kama gramu 1, ukiikalia tu inabaki bapa na haiendi tena ilikoelekezwa. Tafuta kopo gumu la kuiwekea.

Miwani ya kukinga macho usiiache. Mwaka 2017 madaktari wa macho wa London waliandika kuhusu wagonjwa 3, mmoja mtoto wa miaka 11, waliovuja damu ndani ya jicho baada ya kupigwa na mishale ya bunduki za aina hii. Kwangu sheria ni moja: asiye na miwani hachezi, hata akija mgeni.

Kwa hiyo kwako ningesema Disruptor, na chukua mbili zinazofanana. Ukileta moja moja, kila mmoja ataitaka ya mwenzake, na wewe utageuka hakimu. Strongarm mnunulie mtu mzima anayejua kufunga kitu taratibu, au jinunulie mwenyewe, sitamwambia mtu.

Yangu bado ipo. Niliifungua skrubu, nikaibana bawaba kadiri nilivyoweza, nikabandika selotepu juu ya kile kitufe ili silinda isifunguke. Watoto sasa wanachomeka mishale kwa mbele. Yaani nina Disruptor mbili.