Kompyuta inazima kwenye gemu na video tu? Anza na pawasaplai

Usipige Windows upya kwanza. Kompyuta ya mezani inayokatika ghafla kwenye gemu na video, huku Word na Excel zinaenda siku nzima, mara nyingi ni pawasaplai (boksi linaloipa kompyuta umeme) au joto. Gemu inaifanya kadi ya grafiki ivute umeme mwingi kwa mpigo, na pawasaplai iliyochoka inajikata. Yangu iliandikwa wati 500 ubavuni lakini ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, dalili kwamba wati hizo ni za maandishi tu. Nilipoazima nyingine kwa jamaa, shida iliisha siku hiyohiyo.

Joto unalipima bure kwa programu ya HWiNFO. Prosesa ikigonga nyuzi 100, puliza vumbi kwenye feni na upake pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa.

Ila kama mashine inabaki inawaka na skrini inaganda au kugeuka bluu, hapo shuku draiva (programu inayoendesha kifaa) au RAM. Anza na draiva ya kadi, ni bure. Na ukikuta Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows), isikutishe: inasema tu mashine ilizimika bila kuaga, haimtaji aliyeizima.